Machozi ya Gizani

Katika majumba ya sinema ya Mji Mkongwe wa Unguja, siku ambazo majumba hayo yalikuwa bado hai, palikuwa na dakika moja ambayo haikuwamo katika filamu yoyote. Ni ile dakika ya mwisho, picha ilipokwisha na taa zikawashwa kwa ghafla. Watu mia kadhaa waliokaa pamoja kwa takriban saa tatu wakawa hawataki kutazamana. Huyu akijifanya anatafuta kiatu chini ya kiti. Yule akipangusa uso kwa ncha ya kanzu, akasingizia joto. Bibi mmoja akilivuta buibui lake mpaka usoni. Wote wamelia, na kila mmoja anaona haya kwamba amelia. Kisha milango ikafunguliwa, upepo wa bahari ukaingia, na watu wakatoka wakizungumza kwa sauti kubwa kuliko kawaida yao, kama wanaotaka kuthibitisha kwamba hapakuwa na kitu.

Haya hiyo yastahiki kufikiriwa. Aliyekufa katika picha hakufa. Mama aliyenyang'anywa mwanawe huenda hajapata kuzaa, na saa ile ile anapoliliwa Unguja yeye yuko Bombay akinywa chai. Hata hivyo machozi yaliyomwagwa kwa ajili yao ni machozi ya kweli, yenye chumvi sawa na ya msibani. Basi machozi hayo ni ya nini, na yana thamani gani? Je, anayelia sinema ni mtu mwema kuliko asiyelia? Na ikiwa mtu huyo huyo hulia kwa filamu nzuri, na hulia vilevile kwa filamu mbovu, kipimo cha kuitenga nzuri na mbovu ni kipi?

Swali hili limewasumbua watu tangu kabla sinema haijawazwa. Mwandishi wa Kiyunani Plutarch amesimulia habari za Alexander, mtawala dhalimu wa mji wa Pherae, aliyeishi karne ya 4 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Siku moja mtawala huyo alikwenda kutazama tamthilia ya Euripides juu ya wanawake wa Troy, waliofiwa na waume na wana wao na sasa wanagawanywa kuwa watumwa. Katikati ya mchezo akainuka, akatoka. Baadaye akampelekea mwigizaji ujumbe kwamba hakuondoka kwa dharau. Aliondoka kwa kuona haya, wananchi wake wasije wakamwona yeye, ambaye hajapata kumhurumia hata mmoja kati ya wale aliowaua, akitokwa na machozi kwa misiba ya Hecuba na Andromache.

Dhalimu yule alikuwa na jambo moja ambalo watu wema wengi hawanalo: aliyaona machozi yake mwenyewe kuwa ni ushahidi dhidi yake. Alifahamu kwamba chozi likidondoka hadharani, watu watauliza lilikuwa wapi jana. Kwa hiyo akalikimbia. Wengi wengine hawakimbii. Hukaa mpaka mwisho, hulia, na hurudi nyumbani wakijiona wamezidi wema kwa kipimo cha machozi waliyomwaga.

Karne nyingi baada yake, mwana wa Afrika ya Kaskazini, Augustine, aliyaeleza maisha ya ujana wake katika mji wa Carthage, alipokuwa akipenda mno kwenda kutazama michezo ya huzuni. Akiwa mtu mzima alijiuliza: huruma hii ni ya namna gani, ambayo haimwiti mtu kwenda kusaidia, inamwita ahuzunike tu, na kadiri anavyohuzunika ndivyo anavyomsifu aliyemhuzunisha? Na mwaka 1758, Rousseau, katika barua yake mashuhuri kwa d'Alembert juu ya michezo ya kuigiza, alimrejea yule dhalimu wa Pherae na akaongeza hoja kali: kwamba mtu anapolilia misiba ya kubuni, huona amekwisha kutimiza wajibu wote wa ubinadamu, bila ya kutoa chochote kilicho chake. Maskini wa kweli humgharimu mtu fedha, muda na usingizi. Maskini wa jukwaani hamgharimu kitu zaidi ya tiketi.

Hoja hiyo ni nzito, lakini imesemwa na watu waliokuwa wakali kwa michezo tangu mwanzo. Haki ni kuipima mahali ambapo watu waliipenda sinema kwa dhati, na Unguja ni mahali pa namna hiyo. Mjini palikuwa na Majestic, iliyojengwa upya mwaka 1955 baada ya jumba lililokuwapo kwanza kuteketea kwa moto. Palikuwa na Empire. Na palikuwa na Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi ya 1964 ilijulikana kwa jina la Cine Afrique. Filamu za Kihindi ndizo zilizoujaza mji. Walio wengi ukumbini hawakuijua lugha ile, na bado hawakupotea njia. Aliyekwisha kuiona picha mara ya kwanza alimnong'oneza jirani yake. Uso wa mwigizaji ulifasiri kilichobaki. Na nyimbo zikatoka ukumbini zikaingia katika taarabu, sauti zile zile zikavishwa maneno ya Kiswahili. Kulikuwa hata na maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo mama wa nyumbani aliweza kulia bila ya kuangaliwa na mwanamume yeyote.

Miongoni mwa filamu zilizopendwa sana pwani ni Awara, aliyoitoa Raj Kapoor mwaka 1951. Ndani yake yumo hakimu Raghunath, mtu wa heshima, mwenye itikadi moja isiyotetereka: mwana wa mwizi atakuwa mwizi, na mwana wa mtu mwema atakuwa mwema. Mkewe anatekwa na jambazi, anarudishwa, na hakimu anamshuku kwamba mimba aliyonayo si yake. Anamtoa nje usiku. Mtoto anazaliwa njiani, anakulia katika mtaa wa ufukara, analelewa mikononi mwa jambazi yule yule, naye anakuwa mwizi. Mwisho mtoto anasimama kizimbani kwa kosa la kutaka kumuua hakimu, na anayemtetea ni Rita, mwanasheria kijana aliyelelewa na hakimu huyo huyo. Ukweli unapofichuka, itikadi ya hakimu inavunjika mbele yake: mwizi aliyemlaani ni damu yake, na aliyemfanya mwizi ni yeye.

Anayeitazama filamu hii huanza kwa kumwonea huruma kijana. Hilo ni jepesi, kila mtu hulifanya. Lakini filamu haimwachi hapo. Inamvuta polepole mpaka kwenye kiti cha hakimu, inamkalisha, kisha inakivunja kiti. Maana ni mwenyeji gani wa mji huu, au wa mji wowote wa pwani, ambaye hajapata kusema juu ya mtoto wa jirani kwamba "ule ukoo ndivyo walivyo"? Machozi ya dakika za mwisho yana uchungu mwengine. Aliyeyaanza kwa kumlilia mtu mwengine anayamaliza akiwa hajui analiliwa nani.

Filamu mbovu hufanya kinyume cha hayo, na ubovu wake hauko pale watu wanapoutafuta. Watu husema filamu ni mbovu kwa sababu sauti inakatika, au mwanga ni hafifu, au sebule yenye makochi makubwa imetumika kuwa nyumba ya kila tajiri katika kila hadithi. Hizo ni dosari za mkono na mfuko, zinasameheka. Zipo filamu zilizotengenezwa kwa mamilioni ya dola, ambazo hazina hata kivuli kilichokaa vibaya, na ni mbovu kupita kiasi. Ubovu wenyewe ni huu: filamu humpa mtazamaji kiti cha mtu mwema tangu dakika ya kwanza, na haimwamshi hapo mpaka taa zinawashwa. Adui ameshawekewa alama. Anacheka vibaya, anavaa vibaya, na hata muziki humtangaza kabla hajaingia. Mama wa kambo ana sumu katika kikombe. Walinzi mia wanapigwa risasi, na hakuna mmoja wao mwenye jina wala mama. Vijana wa mitaani wana msemo wao kwamba steringi hafi, na kwa hakika hilo ndilo filamu mbovu inalomuahidi kila aliyelipa kiingilio: kwamba yeye ndiye steringi, na ubaya wote wa dunia ni wa watu wengine. Wahenga walikwisha kusema kwamba nyani haoni kundule. Filamu mbovu ni kioo ambacho nyani hujitazama kwa mbele tu.

Mtu aweza kupinga kwamba haya ni mambo ya fikra tu, na kwamba hakuna aliyepata kudhurika kwa kulia mbele ya picha. Na achukuliwe basi mtu mmoja, asiyetajwa jina, kwa kuwa majina yake ni mengi.

Jioni moja ametazama kwa kanda ya video filamu ya Zimbabwe iitwayo Neria, iliyoongozwa na Godwin Mawuru na kutolewa mwaka 1993. Ni hadithi ya mwanamke aliyejenga maisha mjini kwa juhudi pamoja na mumewe. Mume anakufa kwa ajali, na shemeji, Phineas, anakuja kwa jina la mila. Anachukua fedha, anachukua nyumba, mwisho anachukua na watoto. Neria, aliyeigizwa na Jesesi Mungoshi, anakwenda kuidai haki yake mahakamani. Mtu yule alilia. Alimlaani Phineas kwa sauti mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Usiku ule alilala akijihisi mwepesi, kama aliyetoka kutoa sadaka.

Haukupita mwaka, kaka yake mmoja akafariki. Mjane yumo ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, na ndugu wamekutana barazani kuzungumza mirathi. Wazee wao wametangulia. Marehemu ameacha mke na mabinti wawili. Hesabu ya sheria ni wazi. Katika mafungu 24, mjane ana thumni yake, yaani mafungu 3. Mabinti wana theluthi mbili, mafungu 16. Na 5 yaliyobaki ni ya ndugu. Nyumba itauzwa, kila mmoja apewe chake. Kwa mujibu wa daftari hakuna anayemdhulumu mtu.

Lakini lipo jambo lisilomo daftarini. Mjane yule aliuza dhahabu yake ya harusi, bangili na kidani, ndipo saruji ikanunuliwa na paa likaezekwa. Marehemu aliichukua dhahabu ile kwa ahadi ya kuirudisha. Mali ya mke haimo katika mirathi ya mume, na deni la maiti hulipwa kwanza, ndipo mafungu yapigwe. Mjane hana hati. Watu walioana hawaandikiani hati. Marehemu alimweleza habari hiyo mdogo wake siku moja walipokuwa wakitoka msikitini, na hakumweleza mwengine. Shahidi basi ni mmoja tu, na shahidi huyo ndiye yule aliyemlilia Neria. Amekaa barazani pamoja na ndugu zake, anakunywa kahawa, hasemi.

Mtu akimkumbusha filamu ile, atashangaa kwa moyo mkunjufu. "Wale walitumia mila zao," atasema, "sisi tuna sheria, kila mtu na fungu lake." Wala hasemi uongo. Ameona kwa macho yake kwamba Phineas ni mtu mwengine, wa nchi nyengine, mwenye tamaa iliyomjaa usoni. Yeye hana tamaa ya namna ile. Yeye amenyamaza tu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Je, kosa ni la filamu au ni la mtazamaji? Neria ni filamu iliyofanya kazi njema. Imewafungua macho watu wengi juu ya dhulma ya wajane, na kuilaumu kwa ajili ya mtu mmoja wa barazani si uadilifu. Lakini yapo yanayoweza kusemwa kwa heshima. Phineas amechorwa ili achukiwe, na mtu hujifunza machache kutokana na yule anayemchukia kabisa. Laiti hadithi ile ingemsimamisha mbele zaidi ndugu mmoja mpole, anayempenda Neria, anayezijali mila na anayeogopa kugombana na wakubwa zake, mtu yule wa barazani pengine asingelala usingizi mwepesi vile. Angeliona shati lake limevaliwa na mwengine.

Hapo ndipo penye siri ya filamu iliyo bora, na haihitaji fedha nyingi. Mwaka 1948 Vittorio De Sica alitoa nchini Italia filamu ya Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli. Mwigizaji wake mkuu, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Hadithi yake ni fupi: mjini Roma, baada ya vita, Antonio hana kazi. Anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, kwa sharti awe na baiskeli. Mkewe anaweka rehani mashuka ya kitandani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi baiskeli inaibwa. Baba na mwanawe mdogo, Bruno, wanazunguka mji kuitafuta, hawaipati. Mwisho, nje ya uwanja wa mpira, mbele ya mamia ya baiskeli zilizoegeshwa, Antonio anaiona moja iliyoegemezwa ukutani peke yake.

Katika dakika ile kila mtazamaji, aliye mwaminifu kuliko wote, moyoni mwake husema: ichukue. Amekaa naye saa nzima na zaidi, amechoka pamoja naye, ameona njaa ya mtoto. Anataka aibe. Na Antonio anaiba. Anakamatwa, anapigwa kofi, kofia yake inaangushwa, na mtoto anayaona yote. Mwenye baiskeli, akimtazama mtoto anayelia, anaamua kumwacha. Baba na mwana wanaondoka ndani ya msongamano wa watu, na mtoto anaushika mkono wa baba yake. Hapo taa zinawashwa.

Aliyeitazama filamu hiyo hatoki akiwa mwepesi. Yule mwizi wa kwanza, aliyemlaani asubuhi, pengine naye alikuwa na mtoto na mashuka yaliyowekwa rehani. Yeye mwenyewe, raia mwema aliyeketi gizani, ameshiriki wizi kwa moyo wake. Machozi yake hayawezi kumpongeza, kwa sababu yamechanganyika na fedheha. Ni machozi ya yule dhalimu wa Pherae, isipokuwa huyu hakuwahi kutoka nje kabla hayajamfikia.

Kadhalika Mother India ya Mehboob Khan, iliyotolewa mwaka 1957, Nargis akiigiza nafasi ya Radha. Mama huyu amelima mpaka mgongo umepinda, amezika watoto, amekataa kujiuza kwa mkopeshaji aliyeimaliza nyumba yake kwa riba. Mwanawe Birju anakua na chuki ya haki dhidi ya mkopeshaji yule, anakuwa jambazi, na siku ya kisasi anamuua, kisha anamteka binti yake. Radha anashika bunduki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na ukumbi mzima unajua kwamba hatapiga. Anapiga. Kisha anamkumbatia mwanawe aliyempiga. Mtazamaji alikuwa akitaka mambo mawili kwa pamoja, Birju alipize kisasi na binti asidhalilishwe, na filamu imemwonyesha kwamba hayo mawili hayakai nyumba moja. Atalia, lakini hawezi kusema amelia upande gani.

Wapo waliotengeneza filamu wakiijua njaa hii ya mtazamaji, wakataka kuishibisha, na wakazuiwa. Sholay ya Ramesh Sippy, ya mwaka 1975, ina Thakur, afisa wa polisi aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh baada ya kuuliwa watu wa nyumbani kwake. Katika mwisho uliopigwa kwanza, Thakur anamkanyaga Gabbar kwa viatu vyenye misumari mpaka anakufa. Wakaguzi wa filamu wa India waliukataa mwisho huo, na badala yake polisi wanafika kwa wakati, Gabbar anatiwa mbaroni. Baadaye mwisho wa mwanzo nao ukapata kuonekana, na kwa hiyo mtazamaji wa leo ana miisho miwili ya kuchagua. Wengi husema, bila ya kusita, kwamba ule wa misumari ndio mtamu zaidi. Jibu hilo halimfanyi mtu kuwa muovu, lakini linamfaa kuwa mali yake ya kukaa nayo usiku. Ametaka kifo kichungu, ametaka kirefushwe, na ametaka akione. Gabbar naye alitaka hayo hayo.

Yote haya yakisikilizwa na mvuvi aliyerudi alfajiri, au mama aliyeosha nguo za watu kutwa, yataonekana ni ukali usio na huruma. Wao huenda kutazama picha ili wapumzike. Wanataka adui apigwe, wapenzi waoane, na wimbo uwe mzuri. Nani mwenye haki ya kuwalaumu? Na tena, yule mama aliyelia katika onyesho la wanawake kwa filamu duni kabisa, ambayo wenye elimu wangeicheka, hakuwa analilia filamu. Alikuwa na ndoa asiyoweza kuisema, au mtoto aliyezikwa bila ya yeye kupata nafasi ya kulia kwa sababu nyumba ilijaa wageni wa kupikiwa. Picha ilimpa giza na sababu. Hata msibani huwa hivyo. Nusu ya wanaolia humlilia marehemu wao, wala si huyu aliyefunikwa ukumbini. Machozi ya namna hiyo si ya uongo. Ni dawa, na filamu mbovu inaweza kuwa kikombe cha kunywea dawa kama ilivyo filamu nzuri.

Pingamizi hilo ni la kweli, na linamrekebisha Rousseau. Si kila chozi la gizani ni chozi la mtu anayejidanganya. Anayejililia mwenyewe hana la kulipa. Anayejipumzisha hana la kujibu. Tatizo ni la yule anayelia kwa ajili ya mwengine, kisha akayahesabu machozi yake kuwa malipo. Chozi la kumlilia mjane wa kwenye picha ni mfano wa ahadi iliyotiwa saini mbele ya watu: mwenye kulitoa amekiri kwamba anaujua uchungu ule, na kwamba akiukuta njiani hatasema hakuutambua. Kwa hakika ni deni. Filamu mbovu humwambia mtazamaji kwamba deni limekwisha kulipwa ukumbini. Filamu nzuri humtoa nje akiwa nalo mfukoni, likimchoma.

Ndiyo maana wanaohukumu filamu kwa wingi wa machozi hukosea, na wanaozihukumu kwa uzuri wa picha tu hukosea vilevile. Kipimo kiko nje ya ukumbi, na hakionekani usiku ule. Kiko siku ya tatu, au mwaka wa tatu, siku ambayo mtu anaamka na kazi zake, hakumbuki hata jina la mwigizaji, na mbele yake kinasimama kitu kidogo kinachofanana na kile alichokililia. Hakifanani sana. Hakina muziki. Adui wa siku hiyo si mwenye kicheko kibaya. Ni ndugu, amevaa kanzu safi, na ana hoja za maana. Kilio cha samaki, machozi huenda na maji. Machozi ya mtu yanaweza kwenda na giza namna hiyo hiyo, yasimlowanishe hata yeye mwenyewe.

Wala haifai kusema kwamba sanaa imeshindwa kila inaposhindwa mbele ya mtu mmoja. Mbegu haina kosa kwa kupandwa juu ya sakafu. Lakini mtu naye hana budi kuulizwa. Hakuna filamu, hata iliyo bora kuliko zote, iliyopata kusema neno kwa niaba ya mtazamaji wake. Inaweza kumfikisha mpaka mlangoni. Mdomo ni wake.

Kule barazani kaka mkubwa amelifunga daftari. Amewauliza wote, mmoja baada ya mmoja, na wote wameridhika. Kahawa imepita mara ya pili. Nyuma ya pazia la mlango mjane amekaa na mabinti zake, na hapasikiki kitu isipokuwa sauti ya mtoto mdogo akiuliza jambo na kunyamazishwa. Kaka mkubwa anageuka.

"Na wewe, mdogo wangu, una la kusema?"

Ni mchana. Kila mtu anamwona mwenzake. Anachokijua, anakijua peke yake, na kikombe bado kimo mkononi mwake.